Shajara ya mradi: toleo lipande hata nisipokuwepo

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mfumo wa mikopo wa chama cha akiba na mikopo ninaouhudumia hapa Morogoro umetimiza miaka mitatu. Umeandikwa kwa lugha ya Python na zana yake ya kujengea tovuti, Django; kanzidata yake, yaani ghala la data, ni PostgreSQL; na unakaa kwenye seva moja ya kukodi. Muda wote huo kila toleo jipya nimelipandisha, yaani nimeliweka kwenye seva lianze kutumika, kwa mkono, Ijumaa usiku, ofisi ikiwa imefungwa. Naingia kwenye seva, navuta msimbo (maandishi ya programu) kutoka GitHub, tovuti ninakoutunza, nasakinisha maktaba (vipande vya programu vya watu wengine ninavyovitegemea), nawasha huduma upya, kisha nafungua ukurasa wa mikopo kuona kama namba zinakuja.

Desemba niliugua malaria siku nne. Siku hizohizo ujumbe wa simu unaowakumbusha wanachama marejesho yao ulikuwa ukitaja kiasi kisicho sahihi. Marekebisho nilikuwa nimeshayaandika, yako kwenye laptopu yangu, lakini hakuna mwingine aliyejua namna ya kuyapandisha. Mzee mmoja alifunga safari kutoka Mvomero akidhani anadaiwa mara mbili. Nauli aliilipa mwenyewe, kwa kosa ambalo dawa yake ilikuwa imelala kwenye meza yangu.

Mradi huu umeanzia hapo, na kipimo chake nimekichukua hapohapo: utakuwa umekamilika siku toleo litakapopanda mimi nikiwa sipo.

Leo sikuandika hata mstari mmoja wa programu. Nilimwita binti wa chuo aliye kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, nikampa kauntabuku, nikamwomba aandike kila ninachofanya wakati napandisha toleo kwenye seva ya pili, ile ya majaribio. Alikuwa mkali kweli. "Kaka, hapo umebonyeza nini?" "Kaka, mbona umesubiri?" Tulipomaliza alikuwa na hatua 19. Faili la maelekezo nililoliandika miaka mitatu iliyopita lina hatua 11. Zile nane hazikuwa zimeandikwa popote. Moja ni kufuta folda ya faili za muda, kwa sababu diski iliwahi kujaa mwaka 2023. Nyingine ni kurudisha umiliki wa folda ya picha za wadhamini, ambao hubadilika kila ninapovuta msimbo. Nilikuwa nazifanya bila kujua kuwa nazifanya.

Jumatano, 15 Januari

Jioni nimesoma historia, maana nimechoka kusikia DevOps, yaani kuandika programu na kutunza seva kama kazi moja, ikitajwa kama jina la programu ya kununua. Mwaka 2009 John Allspaw na Paul Hammond walisimama kwenye mkutano huko California wakaeleza jinsi Flickr, tovuti ya picha waliyoifanyia kazi, ilivyokuwa ikipandisha mabadiliko zaidi ya mara kumi kwa siku. Wengi waliokuwa wakifanya kazi hii wakati ule walihesabu kwa wiki au miezi. Oktoba mwaka huohuo Patrick Debois akaitisha mkutano mjini Ghent, Ubelgiji, akauita DevOpsDays, na jina likabaki. Kiini chake kilikuwa ugomvi wa watu wawili: anayeandika programu anataka ibadilike, anayetunza seva anataka isitikisike. Mimi ni watu hao wawili katika mwili mmoja, na ugomvi wenyewe naujua vizuri. Ndiyo uliokuwa ukinifanya nisubiri Ijumaa.

Nimesoma pia habari ya Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa Marekani. Ilikuwa na seva nane za kupokea programu mpya. Aliyekuwa akiipandisha alizifikia saba, ya nane ikabaki na msimbo wa zamani. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 soko lilipofunguliwa, seva ile ikaanza kutuma maagizo yasiyokusudiwa, na ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 440. Hakukuwa na mtu wa pili aliyekagua kazi ile wala mashine ya kuhesabu kama seva zote nane zinafanana. Nimeichukulia kwa uzito. Chama chetu hakina mamilioni hayo, lakini hatua 19 za mkono mmoja ni hatari ileile.

Jumapili, 26 Januari

Paipulaini ya kwanza, yaani mlolongo wa hatua zinazojiendesha zenyewe, imepita. Kwa sasa inafanya jambo moja tu: kila nikisukuma msimbo kwenye GitHub, mashine yao inaamka, inachukua msimbo, inaendesha majaribio yote (programu ndogo zinazokagua kama mfumo unajibu sawasawa) na kuniambia kama yamefaulu. Natumia GitHub Actions, huduma yao ya kuendesha paipulaini, kwa sababu msimbo wetu uko huko tayari, na ripo (ghala la msimbo) ya faragha kwenye akaunti ya bure hupewa dakika 2,000 kwa mwezi. Zinatutosha.

Maelekezo yenyewe yanaandikwa kwa YAML, muundo wa kuandikia mipangilio, na YAML haisamehe. Nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazoamua nini kiko ndani ya nini, na kitufe cha Tab hakikubaliki. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba nikiandika toleo la Python kuwa 3.10 bila alama za nukuu, YAML huisoma kama namba ya kawaida, sifuri ya mwisho ikadondoka, ikabaki 3.1. Mashine ikaenda kutafuta Python 3.1, ikarudi mikono mitupu. Nimeandika "3.10" ndani ya nukuu na tatizo likaisha, lakini ilikula saa moja na nusu.

Kisha likaja jambo lililonifundisha zaidi ya yote hadi sasa. Jaribio moja linafaulu kwenye laptopu yangu kila mara, na linashindwa kwenye mashine ya GitHub kila mara. Linahusu skripti (programu fupi) inayosoma faili la malipo ya simu. Malipo ya mfano yameingia saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari. Skripti ilikuwa ikichukua tarehe kwa saa ya mashine inayoiendesha. Laptopu yangu iko kwenye saa ya Afrika Mashariki. Mashine ya GitHub iko kwenye saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na huko wakati huo ni saa nne usiku ya tarehe 31 Januari. Malipo yakaangukia mwezi uliopita. Kwa mwanachama, hiyo ni tofauti ya kulipa kwa wakati na kutozwa faini.

Kwa nini basi seva halisi haikuwahi kukosea? Nilikaa nikikumbuka. Mwaka 2022, siku nilipoikodi, niliibadilisha saa yake kwa amri moja, nikasahau. Hatua ya ishirini! Haikuwemo hata kwenye kauntabuku, kwa sababu niliifanya mara moja tu na ikabaki. Seva ile ingekufa, nikawasha mpya, faini zingeanza kuwaangukia watu wasio na kosa na nisingejua pa kuanzia kutafuta. Nimeiandika saa ya Dar es Salaam ndani ya skripti yenyewe.

Kwa anayefuata njia hii: ratiba za GitHub nazo kwa kawaida zinasoma UTC. Nakala rudufu ninayoitaka saa nane usiku inaandikwa 23, na ni ya siku iliyotangulia. Sisi tunaohesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua tunageuza mara mbili: kwanza saa nane usiku kuwa 02:00, halafu kutoa tatu. Nimeandika maelezo hayo kwa Kiswahili pembeni ya mstari wa ratiba.

Nilipokuwa naongeza majaribio mengine nikamuuliza dada mhasibu: mkopo ukitolewa tarehe 31 Januari, rejesho la kwanza ni lini? Akajibu bila kufikiri, "Tarehe 28 Februari, na la pili 31 Machi." Mfumo wetu ulisema la pili ni 28 Machi, kwa sababu ulikuwa ukihesabu kutoka rejesho lililotangulia badala ya tarehe ya mkopo. Miaka mitatu. Nimelisahihisha, na jibu lake sasa ni jaribio linaloendeshwa kila msimbo unapobadilika.

Ijumaa, 7 Februari

Wiki mbili za Docker, zana ya kufunga programu ndani ya kontena. Neno kontena kwetu halihitaji maelezo, kila mtu ameyaona yakishuka bandarini: meli haijali kilichomo, inajali kwamba umbo ni lilelile. Solomon Hykes alipoionyesha Docker hadharani kwa mara ya kwanza, kwenye mkutano wa watu wa Python mwezi Machi 2013, wazo lilikuwa hilohilo. Programu na kila inachohitaji, yaani Python ya toleo lake, maktaba zake na hata saa yake, vinafungwa pamoja kuwa imeji moja. Imeji hiyohiyo iliyofanyiwa majaribio ndiyo inayokwenda kwenye seva. Hatua saba kati ya zile 19 zimekufa hapa peke yake, ikiwemo ile ya folda ya wadhamini.

Imeji yangu ya kwanza ilipita jigabaiti moja. Niliijenga kwenye laptopu na kuisukuma kwa bando la simu, bando likaisha katikati. Mambo mawili yaliokoa hali. Kwanza nilianzia kwenye imeji nyembamba ya Python badala ya ile kamili, na yangu ikashuka hadi megabaiti 260 hivi. Pili, niliacha kuijenga nyumbani. Sasa ninachosukuma kwa bando langu ni mistari ya msimbo tu, kilobaiti chache, na imeji inajengwa kwenye mashine ya GitHub. Kwa mtu wa hapa faida hiyo ni kubwa kuliko nyingi zinazosifiwa.

Kuna jambo la mpangilio pia. Docker hujenga imeji kwa matabaka, na tabaka likibadilika, yote yaliyo juu yake hujengwa upya. Nilikuwa nanakili msimbo wote kwanza, ndipo nasakinisha maktaba. Kwa hiyo nikirekebisha herufi moja, maktaba zote zinasakinishwa tena. Nimegeuza: orodha ya maktaba inaingia kwanza, zinasakinishwa, msimbo unafuata. Nikawaambia pia GitHub watunze matabaka kati ya safari moja na nyingine. Dakika tisa zimekuwa mbili na kidogo.

Jumanne, 18 Februari

Leo haikuwa siku nzuri.

Ili paipulaini ifike kwenye seva inahitaji ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, na ili programu iongee na kanzidata inahitaji nenosiri. Vyote vinawekwa kwenye sehemu ya siri ya GitHub, nje ya msimbo. Nikiwa nahamisha, nikajiuliza kama nenosiri la kanzidata liliwahi kuwa ndani ya msimbo. Nikatafuta kwenye historia ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo. Lipo. Niliingiza faili la mipangilio kimakosa mwaka 2023, nikalifuta siku iliyofuata, nikadhani yameisha. Kufuta faili kwenye Git hakulifuti kwenye historia. Yeyote mwenye nakala ya ripo anaweza kurudi nyuma akalisoma. Na ripo hiyo wameipitia vijana watatu wa mafunzo.

Nimebadilisha nenosiri usiku huuhuu kabla ya kufanya lolote jingine. Kusafisha historia kunaweza kusubiri, kwa sababu nenosiri lililokwisha kuonekana limeshaonekana. Nimeangalia kumbukumbu za kuingia kwenye kanzidata, za muda wote zilizopo, na sikuona mgeni. Kesho asubuhi nitamweleza mwenyekiti mwenyewe, kwa mdomo. Fedha ni za wanachama na ana haki ya kujua.

Nimeweka pia hatua mpya mwanzoni mwa paipulaini: inapekua msimbo kutafuta chochote kinachofanana na nenosiri au ufunguo, na ikikiona inasimama.

Ijumaa, 28 Februari

Paipulaini ilifika hadi kwenye seva halisi wiki hii. Nikajiamini, nikapandisha leo saa tisa alasiri. Mwisho wa mwezi. Sikupaswa.

Toleo lilibadilisha jina la safu moja kwenye jedwali la marejesho. Lilipanda salama, lakini taarifa ya mwezi ikawa nzito, inachukua zaidi ya dakika nzima kufunguka, na dada mhasibu alikuwa ameketi anaisubiri. Nikasema, hakuna shida, ninarudisha toleo lililotangulia. Kila imeji nimeibandika herufi saba za mwanzo za namba ya badiliko lake, kwa hiyo kurudi ni kutaja tu namba ya jana. Nikaitaja. Msimbo wa jana ukaamka, ukaitafuta safu kwa jina lake la zamani, haikuwepo tena. Ukurasa wote wa marejesho ukafa.

Dakika 40. Nilirudisha jina la safu kwa mkono, vidole vinatetemeka, na dada mhasibu kasimama nyuma ya kiti changu. Hakuniambia neno baya. Aliuliza tu, "Fedha za watu zipo?" Zipo, nikamwambia, na zilikuwepo. Taarifa ilitoka saa moja usiku.

Jumapili, 2 Machi

Nimeshinda nikiifikiria Ijumaa. Nilikuwa nimeutayarisha msimbo kurudi nyuma, lakini kanzidata hairudi nyuma kama msimbo. Imeji ya jana naweza kuiamsha wakati wowote, ila data ya jana haipo, imeshachanganyika na ya leo.

Utaratibu mpya, nimeuandika ukutani: hakuna kubadilisha jina la safu wala kuifuta kwa hatua moja. Toleo la kwanza linaongeza safu mpya, programu inaandika kote kuwili. Toleo la pili linanakili data ya zamani na kuanza kusoma kwenye safu mpya. Zikipita wiki mbili bila tatizo, ndipo toleo la tatu linaiondoa ile ya zamani. Ni matoleo matatu kwa jambo ambalo zamani lilikuwa mstari mmoja. Lakini kabla ya lile la tatu, wakati wowote, naweza kurudi hatua moja nyuma na mfumo ukaendelea kusimama. Zamani, kila toleo likinitoa jasho, kazi hii ya mara tatu isingewezekana. Sasa kupandisha ni dakika sita, kwa hiyo inawezekana.

Sijaona somo lolote la wanaoanza likisema hivi kwa mkazo unaostahili. Yote yanakimbilia kuonyesha jinsi ya kupanda.

Alhamisi, 20 Machi

Mfungo unaelekea ukingoni na kazi za usiku baada ya futari zimekwenda vizuri.

Kilichoongezeka: programu sasa ina anuani moja ya kuulizwa hali. Ikiulizwa inajaribu kusoma kanzidata, inahakikisha muundo wa majedwali ni ule inaoutarajia, kisha inajibu. Paipulaini ikishaamsha kontena jipya (imeji iliyowashwa) inaiuliza anuani hiyo kila sekunde tano kwa muda wa dakika moja. Isipopata jibu zuri inarudisha imeji iliyotangulia yenyewe, bila kuniuliza, na kututumia ujumbe. Juzi na jana tuliivunja makusudi mara nne kwenye seva ya majaribio: nenosiri lisilo sahihi, safu isiyopo, diski iliyojaa, kontena linalokufa likizaliwa. Mara tatu ilirudi yenyewe. Ya diski ilikwama, maana hata imeji ya zamani haikuwa na pa kuandika. Sasa nafasi ya diski inapimwa kabla ya kuanza, na imeji zilizopitwa na wakati zinafutwa, tukibakiza tano za mwisho.

Kwenye seva halisi toleo halipandi lenyewe. Kuna kitufe, na mtu anakibonyeza. Wapo watakaosema hiyo si otomatiki kamili. Kwa mfumo unaogusa akiba za watu nataka binadamu aseme "sasa", ilimradi kusema hivyo kusihitaji ujuzi wa siri.

Binti wa kauntabuku ameandika ukurasa mmoja wa maelekezo. Hatua ni nne. Niliusoma nikitafuta cha kuongeza, sikupata.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika haya nikiwa kwenye basi, nakwenda Tanga kwa Idi.

Jana jioni dada mhasibu aligundua kwamba stakabadhi za hisa zinachapisha jina la mwanachama bila jina la baba. Si hatari, lakini Jumamosi hii ofisi inafungua nusu siku na watu wengi wanakuja kununua hisa kabla ya sikukuu. Niliacha marekebisho na jaribio lake kwenye tawi la pembeni (nakala ya msimbo isiyogusa ule mkuu), nikamwomba binti ayapitie asubuhi, na kama ameridhika, ayaunganishe na tawi kuu na kubonyeza kitufe. Tiketi yangu ilikuwa ya alfajiri.

Baada ya Chalinze mtandao ulikuwa unakuja na kukatika. Nilijizuia kuangalia simu, nikaangalia mikonge. Tulipofika Segera basi likasimama, ujumbe ukaingia kwa mkupuo. Wa kwanza, saa mbili na dakika kumi na nne, ni wa paipulaini: majaribio 212 yamefaulu. Wa pili, dakika saba baadaye: toleo limepanda, hali ni njema. Wa tatu ni wa binti:

"Kaka, nilikataa mara ya kwanza. Jaribio lako halikuwa na mwanachama asiye na jina la baba kwenye rekodi, na wapo 31. Nimeliongeza, nikarekebisha stakabadhi, ndipo nikapandisha. Dada mhasibu amechapisha sita, zote sawa. Idi njema, wasalimie nyumbani."